Uamuzi Kuhusu Nubbin

Alder Falls, Wisconsin
Jumatatu, 19 Januari 1987

Mwanangu Corinne,

Sherifu Oestreich ametangaza leo saa nne asubuhi kwamba utafutaji wa baba yako umesimamishwa mpaka barafu ya Ziwa Burntwood itakapoyeyuka. Kasema wapiga mbizi hawawezi kuendelea, kwa sababu shimo wanalokata linaziba kabla hawajamaliza kuvaa. Nilimuuliza itayeyuka lini. Akanijibu, "Warren, wewe ndiye unayeiandika habari hiyo gazetini kila mwaka. Niambie wewe."

Sasa salamu, kabla hujanicheka. Mama yako hajambo, kwa maana ya kwamba anaamka na kuvaa. Majirani wameleta bakuli nyingi za tambi za kuoka hata friji haifungi, naye anakula mkate mkavu. Ted Wachowiak hufunga duka lake la dawa saa kumi na moja na kwenda kumpasulia kuni. Mimi nipo. Mgongo ni uleule.

Yaliyothibitishwa ni machache. Jumatano tarehe 7, jioni, ndugu yangu Lyle alitoka kwa pikipiki ya theluji kwenda kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, upande wa mashariki. Pikipiki ilikutwa majini pale kijito kinapoingia ziwani, ambapo barafu huwa nyembamba. Glavu moja ilikuwa ukingoni mwa shimo. Usiku ule theluji ilianguka mpaka asubuhi, na hakuna nyayo zilizoonekana. Gazetini nimeandika kwamba inaaminika yuko chini ya barafu.

Kapteni wako wa jeshi alinipigia simu. Anasema anaweza kukuombea ruhusa. Mama yako anauliza kama unakuja.

Baba yako mdogo,
Warren

*

Ujerumani Magharibi
3 Februari 1987

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni wewe tu duniani unayeweza kuanza barua ya msiba na Sherifu na kumalizia na mgongo. Mimi nipo, nafanya kazi. Wiki hii nimeshusha giaboksi mbili za malori, na vidole vimepasuka kwa baridi na dizeli. Mwambie mama nakula. Mwambie Ted asiache shoka lake nje lishike kutu. Simaanishi la kuni, namaanisha la mchezoni.

Kapteni aliniuliza juu ya ruhusa. Nikamwambia niende kufanya nini, kukaa dirishani? Akasema sawa, nikibadili nia nigonge mlango.

Naandika kwa jambo lingine. Naomba uamuzi.

Jumamosi tuliyoacha mchezo, nilipokuwa nyumbani kwa likizo, siku mbili baada ya sikukuu ya Shukrani ya bata mzinga, uliahirisha. Hujaamua mpaka leo. Nimemweleza Arceneaux, mwenzangu wa chumba, mtoto wa Louisiana ambaye hajawahi kuona kete yenye pande ishirini, na nakuandikia nilivyomweleza ili uone kama nimepotosha. Nilisema: tunakaa mezani, kila mtu ana mhusika wake, baba mdogo ndiye msimamizi, na tunachofanya tunakisema kwa mdomo. Mimi namchezea Yarrow, mdruidi, yaani mwanamke wa msituni anayeweza kujigeuza mnyama. Baba anamchezea Nubbin, mwizi mfupi anayefuata ukuta wa kushoto popote aendapo. Tulikuwa tunatoroka ngome. Nubbin akanywa dawa ya kupunguza mwili akawa kama kidole, nikamtia kwenye kifuko changu cha mitishamba. Walinzi wakaja nyuma, mbele mlango umefungwa. Nikasema, "Najigeuza dubu, navunja mlango, napita." Ukatupa kete, mlango ukavunjika. Ndipo Ted akasema, "Corinne. Nubbin yuko kwenye kifuko chako."

Arceneaux akauliza, "Na kifuko kiko wapi?"

"Kimegeuka dubu. Kanuni ndiyo inavyosema. Alichobeba mdruidi kinaingia kwenye umbo jipya."

"Kwa hiyo baba yako yuko ndani ya dubu."

"Si baba yangu. Ni kijitu anachokichezea baba yangu."

"Haya, kijitu. Si ujirudishe mtu tu, atoke?"

"Akitoka mzima. Akitoka kama mitishamba iliyosagwa je?"

Arceneaux akasema, "Nyinyi watu wa kaskazini mna muda sana."

Unakumbuka alichosema baba? Tulikuwa tunapigiana kelele, mama anaita chakula kinapoa, yeye kaegemea kiti anacheka. "Usiamue leo, Warren. Niacheni humu humu. Kuna joto."

Basi mimi bado ni dubu. Sijageuka na sigeuki mpaka uniambie. Nimewaandikia pia wachapishaji wa kitabu cha kanuni za mchezo, nikaweka bahasha yenye stempu ya kunijibia. Usikasirike.

Corinne

*

Alder Falls
Jumapili, 22 Februari 1987

Mwanangu Corinne,

Kikosi cha zimamoto kimeamua Alhamisi, kwa kura, kwamba gari litawekwa juu ya barafu mwaka huu kama kawaida. Aliyesema ni mkuu wa kikosi mwenyewe, naye alisema akiangalia chini. Walikuwa wameshaamua wasiweke. Watu kukisia siku ambayo gari bovu litatumbukia, kwenye ziwa ambamo mwenzao yumo, waliona si heshima. Mama yako ndiye aliyekwenda kituoni kwao, amevaa koti la Lyle, akawaambia, "Wekeni. Nataka kitu cha kuangalia."

Wameweka gari la kijani lisilo na injini, mbali kidogo na bandari ya mashua. Linaonekana kutoka jikoni kwenu. Mama yako amehamisha kiti.

Kuhusu habari nyingine, Ted amepata mafua na anajitibu kwa kila dawa aliyonayo dukani. Paka wenu anakuja kwangu mchana na kurudi kwenu jioni. Nafikiri anaona kwangu kuna chakula na kwenu kuna mtu.

Nimesoma maelezo yako kwa rafiki yako. Hujapotosha. Ningeongeza moja tu: kitabu kinasema nguo na vyote alivyobeba mdruidi huwa sehemu ya umbo jipya, na hurudi vilevile anaporudi. Hakisemi lolote juu ya kiumbe hai. Inasomeka kwa namna tatu. Ama Nubbin aliingia na atatoka mzima, ama aliingia na hatatoka. Ya tatu sitaiandika leo.

Uamuzi wa mezani hutolewa mezani. Hiyo ndiyo desturi yetu tangu uko darasa la saba. Sitoi uamuzi kwa posta.

Mama yako ameniomba niandike tangazo la kifo. Nimemwambia gazeti haliandiki kifo bila maiti au hati ya mahakama. Ni kweli, kanuni ipo. Akasema, "Warren, sikukuuliza kanuni."

Warren

*

Ujerumani Magharibi
14 Machi 1987

Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, malori mazima, theluji ya huku ni matope. Arceneaux anakusalimu na anauliza gari limeshazama au bado. Kila asubuhi ananiuliza. Nimemwambia ni la Aprili.

Wachapishaji wamejibu. Walirudisha karatasi yangu ileile, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu, mwandiko mzuri: "Swali zuri sana! Kitabu hakijaligusa. Muulize msimamizi wa mchezo wako, uamuzi wake ni wa mwisho. Furahieni mchezo."

Haya. Nakuuliza.

Nimepata na barua ya mama. Ameandika kwamba amegawa buti za baba kanisani. Ukurasa mzima ni kuhusu buti: soli, kamba, nani kachukua. Hakuna mahali ameandika amefariki. Wewe umeandika "inaaminika". Sherifu kasema "kusimamishwa". Kila mtu ana neno lake la kukwepa, na mimi mnaniona mtoto kwa sababu langu ni dubu.

Nisikilize. Najua ni mchezo. Mchana nafungua injini, najua kilichovunjika na kisichovunjika. Lakini katika dunia nzima kuna sehemu moja tu ambayo mambo ya baba hayajakwisha, nayo ni meza yako. Pale mlangoni ilikuwa zamu yangu mimi, na mimi ndiye niliyesema "napita" bila kukumbuka kwamba nimembeba. Nikigeuka mtu na kifuko kikawa kitupu, nitakuwa nimemmaliza kwa mdomo wangu. Nisipogeuka, yumo. Kuna joto.

Ukiwa na namna ya tatu, iseme. Usinifiche kama unavyomficha mama.

Na usiniambie desturi ya meza. Meza ina watu wanne. Hesabu waliobaki.

Corinne

*

Alder Falls
Jumapili, 29 Machi 1987

Mwanangu Corinne,

Uamuzi huu umetolewa leo na mimi, Warren Sletten, msimamizi wa mchezo, baada ya kushauriana na Ted Wachowiak, aliyepinga kisha akakubali.

Mama yako hajambo. Gari bado limesimama, ila limeinama upande wa kushoto. Ufukweni theluji imeanza kupungua na visiki vinaonekana. Nimemaliza salamu.

Kiangazi cha 1983 Yarrow alijigeuza samaki ili avuke mto. Begani alikuwa amebeba kipanga wa Ted. Ted akadai kipanga naye ageuke samaki, kwa kuwa amebebwa. Mlibishana mpaka barafu ya vinywaji ikayeyuka. Aliyemaliza ubishi ni baba yako. Aliuliza, "Na kama Corinne ana chawa, nao wanageuka samaki?" Ukamrushia chipsi. Halafu akasema, naye akawa hatanii tena: "Chenye pumzi zake si mzigo. Hakiwi wewe kwa sababu tu umekishika." Nikaamua hivyo. Kipanga alibaki hewani, akaruka juu ya mto kwa mabawa yake. Hakuna aliyelalamika, na uamuzi ule haujafutwa.

Kwa hiyo Nubbin hakuingia. Kifuko kilipoyeyuka kuwa dubu, yeye alianguka sakafuni, ukubwa wa kidole, upande wa huku wa mlango. Dubu akapita, yeye akabaki na walinzi. Hukumuua, wala hukumbeba. Hiyo ndiyo namna ya tatu, na nilikuwa nayo tangu Novemba. Lyle alipoomba niahirishe nilidhani anataka tu mchezo unoge, tukaenda kula.

Najua ulichokuwa unakitaka. Kanuni haikupi.

Warren

*

Ujerumani Magharibi
9 Aprili 1987

Baba mdogo,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa kwa sababu nyumbani kwangu ni kitanda na kabati la chuma.

Barua yako niliisomea karakanani. Nikapiga ndoo ya oili teke, sajini akanifanya nisugue sakafu yote. Nilikuwa nakutukana kimoyomoyo. Dubu ameondoka na joto lake, na mtu kabaki sakafuni peke yake. Ningekubali aliyekufa ndani yangu kuliko aliyeachwa.

Arceneaux alinikuta nasugua. Akachukua brashi ya pili. Akasema, "Sasa kama hakuwa ndani, alikwenda wapi?"

Nikamwambia, "Nani?"

"Kijitu. Yuko sakafuni, walinzi wanakuja, mlango umevunjika. Hakukaa pale akingoja kukanyagwa. Alikwenda wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Kushoto. Angeshika ukuta wa kushoto." Baba ndivyo alivyo. Kila ngome, kila pango, akipotea: mkono wa kushoto ukutani, usiuachie, utatoka. Mwaka ule tulipokwenda duka kubwa la Duluth alituzungusha kushoto, kushoto, kushoto, mpaka tukatokea vyooni, mama akagoma kutembea naye.

Baada ya kusema hivyo nikashindwa kusugua.

Baba mdogo, nakuuliza kama mwandishi wa habari, si kama msimamizi. Nani alithibitisha kwamba yuko ndani? Pikipiki ilikuwa ndani. Glavu ilikuwa ukingoni. Theluji ilifunika nyayo zote, za kuingia na za kutoka. Mlitafuta kwenye shimo. Kuna mtu yeyote aliyetembea ufukweni, kwa kushoto?

Corinne

*

Alder Falls
Ijumaa, 24 Aprili 1987

Mwanangu Corinne,

Sherifu Oestreich alithibitisha Jumamosi, tarehe 18 Aprili, kwamba mwili uliokutwa kwenye kinamasi cha mierezi, kaskazini ya mdomo wa kijito, ni wa ndugu yangu Lyle Sletten, umri miaka arobaini na tisa.

Ujumbe umeshaupata kupitia Msalaba Mwekundu, na tumezungumza kwenye simu, kama yale yalikuwa mazungumzo. Kuna ambayo sikuyasema kwa sababu mama yako alikuwa amesimama karibu yangu. Nayaandika ili uyapate kwangu na si kwa watu wa dukani.

Barua yako ilifika Ijumaa Kuu. Nilimpelekea Sherifu nyumbani kwake, nikamsomea aya ya mwisho. Akasema, "Huyu binti anauliza kutoka Ujerumani kitu nilichopaswa kukuuliza wewe, na wewe mimi." Hakubisha. Asubuhi tulikwenda watu watatu: Sherifu, Ted, mimi. Tulianza mahali kijito kinapoingia, tukaweka ziwa mgongoni, kisha tukafuata ufukwe kwa mkono wa kushoto. Ted ndiye aliyemwona. Theluji ilikuwa imebaki kwenye kivuli cha mierezi tu.

Alitoka majini mwenyewe. Hilo daktari wa kaunti amelithibitisha: mapafu hayakuwa na maji. Alitembea. Alikuwa na glavu moja. Buti zake zote mbili zilikuwa miguuni, kwa hiyo mwambie mama yako, ukipata nafasi, kwamba zile alizogawa zilikuwa za akiba.

Upande wa kulia wa mahali alipotokea kuna nyumba ya mbao ya wazee wawili wa Milwaukee. Jioni ile walikuwapo na jiko linawaka. Si mbali. Sherifu anasema kwa theluji ile asingeweza kuona taa hata kama ingekuwa mbele ya pua. Nimemnukuu kama alivyosema. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Lyle alikwenda kushoto. Kushoto hakuna ukuta na hakuna mlango, kuna mierezi tu mpaka barabara ya wakata magogo, nayo haikuwa imesafishwa.

Uliniuliza nani alithibitisha. Hakuna. Toleo la wiki ijayo litakuwa na sahihisho, ukurasa wa kwanza: kwamba gazeti hili liliandika "inaaminika" bila kusema nani anaamini. Nimeliandika mwenyewe. Tangazo la kifo nimeliandika pia, na mama yako amelisoma. Alifuta neno moja, "mpendwa". Alisema waliompenda wanajua.

Nilipomwambia kwamba hakuwa ziwani alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Aliangalia gari muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa naangalia gari." Akanyanyuka, akafunga pazia, akarudisha kiti mezani. Hakulia mbele yangu. Juzi Jumatano gari limetumbukia saa nane mchana. Mkuu wa zimamoto alipiga simu kunipa saa, nikaiandika. Mshindi ni mwalimu wa muziki. Mama yako hakufungua pazia.

Paka haji tena kwangu mchana. Amekaa kwenu kutwa.

Ardhi bado ngumu makaburini. Mchimbaji anasema atafika chini wiki ya kwanza ya Mei. Kapteni wako kaniambia ruhusa imeshasainiwa, na safari hii hukumwambia habari za dirishani.

Ted anauliza kama mchezo umekwisha. Nimemwambia si wangu kusema. Hali ya mezani ni hii: mlango umevunjika. Walinzi wamefika, hawakuona mtu, wameondoka. Nubbin hayupo sakafuni, na sitatupa kete kwa ajili yake. Dubu amesimama upande wa pili wa mlango, peke yake, na kanuni haimlazimishi kubaki dubu.

Mazishi ni Jumamosi tarehe 9 Mei, saa tano asubuhi. Chakula ni kwenu. Wageni wakishaondoka, mimi na Ted tutakuwa mezani jikoni, viti vinne kama kawaida. Zamu ni yako.

Baba yako mdogo,
Warren